Risasi Nyekundu za Veikko

Aibu ya Veikko Niskala ilikuwa imepigiliwa misumari ukutani, na kila aliyeingia kambini aliiona kabla hajavua kofia.

Ilikuwa kipande cha shati. Kwenye kambi za uwindaji kule kaskazini mwa Michigan, anayemkosa kulungu hukatwa upindo wa nyuma wa shati lake mbele ya wenzake, jina na mwaka vikaandikwa juu yake kwa kalamu, na kipande hicho kikatundikwa ukutani. Shemeji yake Lester alikuwa navyo tisa na hakujali hata kimoja. Veikko alikuwa nacho kimoja tu, cha mwaka jana, 1985, na kilimuuma kila alipokitazama, kwa sababu yeye hakukosa tu. Alimpiga dume chini sana, tumboni, yadi mia mbili kutoka kwenye dungu lake, kile kichanja cha kuvizia juu ya mti, akafuata damu kwenye theluji mpaka kesho yake mchana, na alichokikuta ni yale mabaki waliyoyaacha mbweha. Mtu aliyewinda tangu utotoni! Alirudi kambini hana hamu ya kula.

Basi kipupwe chote akawa anakaa chini ya nyumba, kwenye karakana yake, akitafuta wa kumlaumu. Akaipata risasi.

Kambi nzima ilitumia risasi ya aina moja, ile waliyoiita thelathini-thelathini, ambayo ilikuwa ikiua kulungu katika misitu ile tangu kabla baba yake Veikko hajaja kutoka Finland. Na Veikko ndiye aliyewajazia wote maganda matupu kwa mkono. Alikuwa fundi wa mitambo mgodini mpaka mgodi ulipofungwa, na mikono yake haikubahatisha kitu: ganda hili, fataki hii ya kuwashia, baruti kiasi hiki, risasi kichwani, basi. Mwisho alipaka kila fataki rangi ya kucha ya mkewe Elma, ile ya kahawia, ili unyevu usiingie. Watu hawakuuliza za Veikko zimejazwaje, walitia tu bunduki na kufyatua.

Alijiambia kwamba ile risasi ya kale ni ya polepole, ndiyo maana ilimwangukia dume tumboni. Ikiongezwa baruti itaruka imenyooka. Kitabu cha ujazaji kilisema ufike hapa usipite. Yeye akapita, akapita tena. Bunduki yake ilikuwa mpya, ya komeo, chuma kinene. Alipokwenda kuzijaribu kwenye shimo la kokoto, komeo liligoma kufunguka mpaka alipigonge kwa kiganja, na fataki ilikuwa imebapa kabisa. Hizo ni dalili za baruti iliyozidi, ambazo yeye mwenyewe angemkaripia mtu mwingine kwa kuzipuuza. Na faida yake? Kwenye yadi mia mbili risasi ilipanda vidole viwili. Vidole viwili tu, wakati mwaka jana alikuwa amepiga chini karibu mkono mzima. Hesabu hiyo aliijua vizuri sana, ila hakutaka kuifanya.

Maana kama si risasi, lilikuwa jicho. Jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu tangu miaka miwili nyuma, na taa za magari zilimtawanyikia usiku. Hakumwambia Elma. Hakumwambia kaka yake Reino. Alijaza risasi kali kumi na mbili, akazipaka rangi nyekundu badala ya kahawia, akazipanga kwenye boksi moja na zile za kawaida, safu huku na safu huku, akanyamaza. Angesema amejaza kali, wangemwuliza kwa nini, na jibu lingeanzia ukutani.

Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, gari lao lilirukia gogo kwenye njia ya kambini na boksi likamwagika lote sakafuni. Veikko alizichagua upya jioni hiyo, peke yake kitandani, chini ya taa ya gesi yenye mwanga wa manjano. Nyekundu huku, kahawia kule. Nyingine alizitazama mara tatu. Chumba cha pili tu walikuwapo wanaume wawili wenye macho mazima wakicheza karata, na neno moja lingetosha: njoo unitazamie hii ni rangi gani. Hakulisema. Alimaliza, akaenda kuzimimina za kahawia kwenye kopo la kahawa mezani, ambako kila mtu huchota zake.

"Leta, leta," Lester alisema. "Na mkasi tumeuleta. Elma amekufungia mashati mangapi, mawili au matatu?"

"Lako moja lingenitosha mimi na farasi wangu," Veikko akamjibu.

"Mwache mdogo wangu," Reino alisema huku akicheka. "Mwaka huu atapiga. Asipopiga atakwenda uchi kanisani."

Reino alikuwa amemzidi miaka minane, mkubwa wa mwili, mpole, na bunduki yake ilikuwa ile ya baba yao. Ilinunuliwa na mhamiaji ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, na sasa mahali inapofungia palikuwa pamelegea. Wakati wa kiangazi Veikko mwenyewe aliifungua, akaitikisa, akaona chuma kikicheza.

"Kaka, hii itundike ukutani," alimwambia.

"Nitaitundika siku mtakayonitundika mimi. Inavumilia risasi zako, sivyo?"

"Zangu inavumilia."

Wakati ule ilikuwa kweli.

Kulikuwa na desturi moja ya akina Niskala, baba yao ndiye aliyeianza. Asubuhi ya kwanza, baada ya kahawa, kila mtu humpa mwenzake risasi moja mkononi, na hiyo ndiyo hutangulia kwenye mtutu. Kulungu wa kwanza ni wa aliyekupa, walisema. Reino na Veikko walipeana tangu wakiwa vijana. Asubuhi ile Veikko alitia mkono kwenye kopo, akatoa moja, akaiweka kwenye kiganja kipana cha kaka yake.

"Ya kwanza yangu," alisema.

"Na yangu ya kwanza," Reino akajibu, akampa yake, akampiga begani. "Ukae vizuri, usisinzie."

Wakatawanyika. Lester alipanda mlimani. Reino alikwenda kwenye dungu lake la kijitoni, hatua chache kutoka mahali kulungu wanapovukia, na Veikko kwenye la kwake, mwisho wa uwazi mrefu, nusu maili hivi kutoka kwa kaka yake.

Kulipambazuka polepole, kisha jua likatoka juu ya theluji mpya na weupe ukawa mkali. Jicho la kulia likaanza kutoka machozi. Veikko alilifuta, likatoka tena, mwisho akalifumba na kuliziba kwa glavu. Kwa kuwa alikuwa hana la kufanya, alitoa risasi zake kali mfukoni azitazame, akazitazama kwa jicho la kushoto peke yake, kwenye mwanga mweupe wa asubuhi.

Tatu kati ya zile kumi na mbili zilikuwa za kahawia.

Alizigeuza. Akazisogeza juani. Za kahawia kabisa, rangi ya mbao, mtu angeshangaa vipi zilifananishwa na nyekundu. Na kama kahawia tatu zilikuwa mfukoni mwake, nyekundu tatu zilikuwa kwenye kopo. Lester alikuwa na bunduki mpya, ingemtikisa bega tu. Lakini ile aliyoichota yeye mwenyewe, aliyoiweka kwa mkono wake kwenye kiganja cha Reino, aliitazama rangi yake? Hakuitazama. Aliitoa tu.

Veikko alishuka kwenye dungu kwa kuruka. Akaacha bunduki juu, akakimbia.

Theluji ilimfika magotini. Alikuwa na miaka hamsini na minane na vumbi la mgodini kifuani, na baada ya hatua mia pumzi ilikuwa inamkata. Alijua kwamba asubuhi ya kwanza mtu hakohoi wala hachezi na karatasi ya mkate, kulungu wasije wakashtuka. Hata hivyo akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Reino! Usipige! Usipige, Reino!"

Msitu ulimeza sauti. Akaanguka, akainuka, akaita tena. Ndipo kwenye vichaka vya misonobari mbele yake kitu kikavunja matawi. Dume kubwa, pembe pana, alikuwa amelala pale muda wote akisubiri watu wapite, na sasa kelele zilimtoa. Alisimama mara moja akimgeukia Veikko. Kisha akaruka, akaondoka, mkia mweupe juu, moja kwa moja kuelekea kijitoni.

"Huku!" Veikko alimpigia kelele yule mnyama, kwa akili zilizompotea. "Rudi huku!"

Aliusikia mlio. Haukuwa mlio wa bunduki ya baba yao, aliokuwa akiujua kuliko sauti ya mkewe. Ulikuwa mfupi, mkali, na ndani yake kulikuwa na chuma.

Alimkuta Reino ameketi chini ya dungu, mgongo kwenye mti, amejifunika uso kwa mikono miwili na damu inapita katikati ya vidole. Bunduki ilikuwa kando, imefunguka na kupinda mahali pa kufungia. Na hatua arobaini mbele, dume amelala ubavu, amekufa papo hapo.

"Nilimpata?" Reino aliuliza.

"Umempata, kaka. Umempata. Usitoe mkono."

Jicho la kulia la Reino lilitoka. Madaktari hawakuhangaika nalo hata siku moja. Lester na kila mtu walilaumu bunduki. "Chuma cha miaka themanini, ulitegemea nini?" walisema, na wengine walimshika Veikko mkono wakamwambia si alimwonya, wakawa wanampa pole. Hakuna aliyeuliza habari ya risasi. Risasi zilikuwa za Veikko. Aliliondoa lile kopo mezani siku hiyohiyo, akazitupa zote mtoni, akanyamaza tena, na kunyamaza kwa safari hii kulikuwa kubaya kuliko kule kwa kwanza, maana alijua kunafanya nini.

Mwezi wa pili Elma alimwona akimimina chai nje ya kikombe, akamkokota kwa daktari. Ni mtoto wa jicho, daktari akasema, wa kawaida tu. Walimfanyia upasuaji kwa chini ya saa moja. Kitambaa kilipotolewa, Veikko alisoma ubao mpaka mstari wa mwisho, na muuguzi akampongeza. Alitoka nje akalia ndani ya gari mpaka Elma akaogopa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alikwenda kwa Reino. Walikaa jikoni, kahawa mezani na mkate wa iliki, na Reino kavaa kitambaa cheusi cha kuziba pale jicho lilipokuwa. Walizungumza mambo ya barabara. Kisha Reino akasukuma sahani ya mkate kando.

"Kuna kitu nataka kukuuliza, mdogo wangu. Nilisikia kelele zako siku ile. Nilidhani unanifukuzia kulungu, nikainua bunduki, na kweli akaja. Lakini nimelala hospitali wiki tatu nikiyarudia yale maneno. Ulikuwa unasema usipige."

Veikko aliweka kikombe chini.

"Bunduki ilikuwa bado haijalia," Reino alisema. "Ulijuaje?"

Basi akamwambia yote, tangu kipande cha shati mpaka vidole viwili, tangu shimo la kokoto mpaka taa ya gesi. Hakujitetea. Alisema hata kuhusu jicho, na kwamba sasa linaona vizuri sana. Reino alimsikiliza hadi mwisho, mikono yake mikubwa imelala mezani.

"Miaka miwili ulikuwa huoni," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ungeniambia huoni, ningekupa dungu langu. Pale kijitoni wanapita mbele ya pua. Hata kwa risasi ile ya enzi ya baba ungepiga. Ningekupa bila kuuliza, Veikko. Mimi ningekaa kwenye lako."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, lakini jicho moja halikupima vizuri umbali, mkono ukapita pembeni, ukagusa meza tupu. Veikko aliona kila kitu: nywele nyeupe za kwenye vidole, kovu jipya la waridi, mpini wa kikombe uliokuwa karibu pale. Akakisogeza kikombe chini ya mkono wa kaka yake.

"Kiache," Reino alisema. "Nitakipata mwenyewe."

Veikko akakirudisha kilipokuwa, akakaa, akautazama ule mkono ukitafuta.