Doa Lililofutwa

Erondina Lemke alilima tangawizi na kahawa katika milima ya jimbo la Espírito Santo, na hadi alipofikisha miaka hamsini na tisa alikuwa hajalazwa hospitalini hata siku moja. Watoto wake wote wanne aliwazalia nyumbani. Mwaka alioanguka na kuteguka kifundo cha mkono, alikifunga kitambaa akaendelea kuchuma kahawa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ilimkera mno kwamba kitu kilichomfikisha mbele ya daktari hatimaye kilikuwa kidonda kidogo kuliko punje ya kahawa, nacho kilikuwa kimekaa kando ya pua yake, upande wa kushoto, katikati ya kovu la rangi ya waridi.

"Hapa palikuwa na nini kabla ya kovu?" aliuliza Daktari Jussara, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Doa," alisema Erondina. "Jeusi, linang'aa kidogo. Nilikaa nalo miaka saba, haliwashi, haliumi."

"Likatokaje?"

Erondina alimgeukia binti yake Marlise aliyeketi kiti cha pili, mkoba magotini. Marlise alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alifanya kazi katika kliniki ya urembo mjini.

"Nililichoma mimi, daktari," alisema Marlise. "Kwa mashine ya leza. Kaka yangu alikuwa anaoa, nikataka Mama apendeze."

"Kabla ya kulichoma, kuna daktari aliyelitazama? Kipande kilipelekwa maabara?"

"Lilikuwa doa la jua tu. Nimeshafuta madoa kama lile zaidi ya mia."

Daktari alivaa miwani, akaivua tena. Majibu ya maabara, ya kipande alichokikata kwenye kidonda wiki mbili nyuma, yalikuwa mezani mbele yake. Ilikuwa saratani ya ngozi, akawaeleza, ya ile aina ambayo kwa kawaida haikimbilii mapafu wala ini, lakini hula palepale ilipo: pua, kope, mfupa. Leza ilikuwa imeondoa rangi juu na kuuacha ugonjwa chini. Kwa miaka miwili ulikuwa ukitambaa ndani ya kovu, na hakuna aliyejua umefika wapi.

"Ningepata picha ya doa lenyewe kabla halijachomwa, ingenisaidia sana," alisema. "Picha kubwa, ya uso. Bila shaka harusini mlipiga."

"Harusini lilikuwa limeshatoka," alisema Erondina. "Lakini za zamani zipo tele. Marlise anazo zote kwenye simu."

Marlise aliinama akawa anachezea zipu ya mkoba.

"Mama, zile picha nilizirekebisha."

"Ulizirekebisha vipi?"

"Nilifuta doa. Kwa simu. Uliniambia unalichukia."

"Zote?"

"Zote."

"Hata za ubatizo wa mjukuu wangu Leandro?"

"Hata hizo."

Njia nzima ya kurudi milimani, saa mbili na nusu za kona, kila Marlise alipojaribu kusema neno Erondina alikohoa kwa nguvu mpaka binti akaacha.

Nyumbani walipindua makabati. Kitambulisho chake kilikuwa na picha ndogo, nyeusi na nyeupe, ya miaka kumi na tano nyuma. Picha ya kuadhimisha ndoa yao kanisani ilimwonyesha kwa upande wa kulia. Mumewe, Alvino, mzee mwekundu wa masikio aliyekuwa akinywa kahawa yake na kipande cha mkate wa mahindi huku wenzake wakihangaika, alisema hakuna haja ya picha.

"Mimi nalikumbuka vizuri. Leteni kalamu nimchoree."

"Haya, chora," alisema Erondina, akamletea uso.

Alvino akachora duara shavu la kulia.

"Baba Marlise! Miaka thelathini na sita unalala pembeni ya uso huu!"

"Sasa ukinigeukia, kulia kwako ndiyo kushoto kwangu..."

"Toka. Kanywe kahawa yako."

Marlise ndiye aliyeikumbuka picha ya ushirika. Miaka minne nyuma Erondina alikuwa ametoa tangawizi moja ya kilo nne, vidole vyake vimepanuka kama mkono wa jitu, na chama cha wakulima kikamwita mpiga picha kutoka mjini. Picha ile, ikiwa na fremu na kioo, ilitundikwa ghalani juu ya mizani. Kila msimu Erondina alipopeleka magunia alijipita pale ukutani bila kujitazama.

Alikwenda kesho yake asubuhi. Waldir, mtunza ghala, alikuwa mtu wa utaratibu tangu wakiwa shule moja, na utaratibu ulikuwa umemzidi kadiri alivyozeeka.

"Hiyo ni mali ya chama, Erondina. Siwezi kuitoa hivihivi."

"Ni uso wangu, Waldir."

"Uso ni wako, fremu ni ya chama. Andika barua, kamati inakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi."

"Nina saratani puani. Daktari anaitaka."

Waldir alikuna kichwa. Ilionekana anamhurumia kweli. "Basi kwenye barua uandike kwamba ni ya dharura."

Erondina alivuta kreti, akapanda juu yake akiwa na mabuti yenye tope, akaiopoa picha kutoka kwenye msumari. Waldir alizunguka chini yake akisema, "Utaanguka, utanitia matatani, angalau weka sahihi!" Erondina alitia sahihi kwenye daftari la kupokelea mbolea, maana ndilo lililokuwa karibu, akatoka na picha kwapani. Doa lilikuwepo, kubwa kuliko alivyolikumbuka, na juu yake lilikuwa na kijimkia chembamba kilichopanda kuelekea kona ya jicho.

Siku ya upasuaji walishuka hadi hospitali ya jijini na gari la halmashauri, Erondina, Marlise na picha iliyoviringishwa kwenye taulo, na wakarudishwa. Mashine ya kugandishia vipande vya nyama vya kupimwa ilikuwa imeharibika. Wiki tatu baadaye walishuka tena na kukuta fundi bado hajaleta kipuri. Hakuna aliyepiga simu kuwaambia. Mara ya pili Erondina alisimama dirishani pa mapokezi akamwambia yule dada wa watu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, kwamba yeye akikuta mashine ya kuoshea tangawizi imekufa huwapigia wanunuzi kabla hawajawasha lori. Yule dada akasema pole, mama. Erondina alijibu kwamba pole amejaza gunia.

Mara ya tatu mashine ilikuwa inafanya kazi.

Daktari Jussara aliisimamisha picha kwenye kabati la vyombo, akaitazama, akachora mistari ya zambarau usoni pa Erondina. Akamweleza: atakata tabaka jembamba, atalipeleka chumba cha pili, litagandishwa, litakatwa vipande vyembamba na yeye mwenyewe atavitazama kwa hadubini, kingo zote. Penye ugonjwa atarudi kukata hapohapo tu, si kwingine. Pua ni ndogo, nyama yake haitoshi kuichezea.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyomtoa machozi. Kukatwa hakukuuma, ila alisikia mkwaruzo, na harufu ya kuungua walipozuia damu. Baada ya robo saa alikuwa kwenye benchi la korido na bandeji nene puani, anapumua kwa mdomo.

Walingoja saa nzima na zaidi. Kwenye benchi lililofuata aliketi mzee mmoja wa kutoka milima ileile, amefungwa sikio, akila ndizi.

"Wewe mkato wa ngapi?" akamuuliza Erondina.

"Wa kwanza."

"Mimi wa tatu. Sikio lenyewe limeshabaki kishikizo cha miwani."

Erondina hakutaka kucheka, na alipocheka bandeji ilimvuta.

Daktari akaja. "Bado, Dona Erondina. Upande wa shavu pamebaki. Turudi."

Wakarudi. Ganzi tena, mkwaruzo tena, benchi tena. Marlise alimletea juisi na mrija. Erondina aliipokea bila kumtazama.

"Mama, niambie chochote. Nitukane hata."

"Nikutukane nipate nini?"

"Tangu ile siku hujanisemesha vizuri."

"Nakusemesha. Nimekwambia shika mkoba." Akanyonya juisi. "Niliogopa lile doa, unajua? Kabla hujalichoma. Shangazi yako Hulda alikatwa mdomo. Nikawa nasema nikimaliza kuvuna nitakwenda kuonyesha. Halafu wewe ukasema ni doa la jua, dakika tano tu, nikafurahi. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilifurahi."

Marlise alianza kulia.

"Usinililie hapa. Watu watafikiri nimekufa."

Simu ya Marlise iliita. Alikuwa Zuleica, mwenye kliniki, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Erondina alisikia kila neno: mteja yuko kitini, ana madoa mawili mgongoni, mashine imeshawashwa, ni namba gani huwa unaiweka kwa doa jeusi?

"Yameonwa na daktari?" aliuliza Marlise.

"Marlise, ni madoa."

"Basi usiyachome. Mwambie aende akaonyeshe kwanza."

"Unanifukuzia mteja ukiwa likizo?"

"Mama yangu nipo naye hapa, amekatwa pua mara mbili tangu asubuhi. Usiyachome, Zuleica. Ukiyachoma mimi kesho siji." Akakata simu.

Erondina alimtazama, kwa mara ya kwanza siku ile. Alimrudishia bilauri ya juisi iliyobaki nusu, na Marlise akainywa.

Saa nane kasoro dakika chache Daktari Jussara alitokea tena, na safari hii alikuwa anatabasamu. Kingo zote zilikuwa safi. Marlise aliruka akamkumbatia nesi aliyekuwa anapita na trei. Mzee wa sikio alipiga makofi. Erondina akaingia chumbani tayari kushonwa, akalala, akafumba macho.

Hakuna kilichotokea. Alipofumbua, daktari alikuwa amesimama mbele ya kabati ameshika picha ya tangawizi.

"Kuna jambo linanisumbua," alisema. "Huu mkia. Kwenye picha unapanda mpaka hapa. Kovu lako linaishia chini yake. Nilipokata ni pasafi, lakini leza huwa inaacha mapengo, ugonjwa ukawa huku na kule na katikati pakawa hapana kitu. Ningependa kuchukua kipande kimoja hapa juu, karibu na jicho."

"Umesema pasafi."

"Nilipokata, ndiyo."

"Umesema pasafi, daktari!" Erondina aliinuka akakaa. Hasira ya miezi mitano yote ilimpanda kwa pamoja, ya mashine, ya korido, ya Waldir, ya picha zilizofutwa. "Nimekaa hapa tangu asubuhi mnanimenya kama kiazi. Pasafi, pachafu, pasafi! Hamjui mnachokitafuta?"

"Hapo juu, sijui," alisema daktari taratibu. "Ndiyo maana nataka kutazama. Ukikataa nitakushona, na miezi sita ijayo tutaangalia. Lakini hilo ni jicho."

Marlise alikuwa mlangoni. Erondina alitazama picha: yeye mwenyewe, mnene kidogo kuliko sasa, anacheka na lile tangawizi, na ule mkia kama uzi.

"Kata," alisema. "Na usinitabasamie tena mpaka uwe na hakika."

Kipande cha juu kilikuwa na ugonjwa. Ulikuwa kiota kidogo, alisema daktari, chini ya ngozi ambayo kwa macho haikuwa na kasoro yoyote. Alikata mara moja zaidi, akatazama, akakata ukingo mwembamba mwingine ili kuwa na hakika, na alipomaliza shimo lilikuwa limeanzia kwenye tundu la pua hadi karibu na kona ya jicho. Ilibidi avute nyama kutoka shavuni kuliziba. Nyuzi thelathini na moja. Hakutabasamu hata aliposema kwamba sasa kweli pameisha.

Gari la halmashauri lilikuwa limeshaondoka. Alvino alikuja kuwachukua na gari la kubebea magunia, akamtazama mkewe na ule uso uliovimba nusu, akataka kusema utani, ukamkwama. Akamfungulia mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yao.

Nyuzi zilitolewa baada ya siku kumi. Uvimbe ulishuka, lakini pua ilibaki imevutwa kidogo upande, na akicheka jicho la kushoto linafumba kabla ya la kulia. Daktari alisema leza nyingine, ya hospitalini, inaweza kulainisha kovu. Erondina alimwambia neno hilo asilitaje tena mbele yake.

Marlise aliendelea na kazi, kwa sababu Zuleica hakuwa na mwingine anayejua mashine, lakini hakuchoma tena doa jeusi lisilo na barua ya daktari. Wateja wachache walihama. Kila Jumamosi alipanda milimani kumpaka mama yake dawa ya kovu, na kila Jumamosi mama yake alilalamika kwamba anapaka kwa kubonyeza sana.

"Taratibu, mwanangu."

"Napaka taratibu, Mama."

"Taratibu zaidi. Bado nimekukasirikia."

"Najua," alisema Marlise, akachovya kidole tena.