Kisheria Havikuwa Vikwazo

…na mikono yenyewe laini, mikono ya mtu aliyesahau jembe linashikwa wapi, imenyooshwa juu ya beseni ikingoja maji, na Mwanvua amesimama na jagi, hamimini, anaitazama tu mikono ya Djibril, mdogo wa mume wake, shemeji aliyemlea kama mwanawe, leo bwana mkubwa wa Brussels aliyeingia Rumonge juzi na masanduku yake ya magurudumu, na anaongea, hajanyamaza tangu alipoketi, "…watu hapa wanachanganya mambo, shemeji, kisheria ile haikuwa vikwazo, vikwazo vilikuwa vya watu wachache, kwa majina yao, viza na konti za benki, ile ingine ilikuwa kusimamisha musaada tu, ni kifungu cha mukataba, ni vitu viwili mbalimbali…" vitu viwili, haya, na Shadia, binti yake Mwanvua, aliuawa na kipi kati ya hivyo viwili, mwambie mama yake basi, mwambie sheria inaitaje damu iliyojaa kwenye kitenge usiku ule alipomzaa Riziki, pale kituo cha afya upande wa Kigwena, ambulensi imeegeshwa uani, safi, imeoshwa, na Generoza muuguzi analia kuliko wenye mgonjwa, "Mama, gari iko, mafuta ndiyo haiko," kwa sababu mafuta yalikuwa ya mradi wa wazungu, na wazungu walikuwa wameufunga mkono ili serikali iumie, na serikali haikuumia, haikujikwaa hata ukucha, likapatikana lori la mawese, Shadia akalazwa katikati ya bidoni, yale madumu ya mafuta, kama bidoni mwenzao, na barabara yote ya Bujumbura ziwa liko kushoto linang'aa bila haya, wakapita Muhuta bado anaomba maji, wakafika Kabezi haombi tena, na dereva hakujua, aliendelea kukimbiza gari, maskini, akipiga honi watu wampishe…

"Mwanvua, mimina maji, mugeni iko na njaa," anasema Tahiri, mume wake, anacheka, tangu juzi anacheka, mdogo wangu avoka, mwanasheria, mdogo wangu anaongea na mabunge ya Ulaya, na ni huyu huyu Tahiri aliyeingia kaburini kumpokea binti yake kwa mikono miwili, amesahau, au hajasahau, wanaume wana mahali pao pa kuficha vitu wakafunga mlango, yeye Mwanvua hana mlango… na Djibril huyu hawezi kusema hakujua kufunga kunafanyaje, hawezi, kwani ule mwaka wanajeshi walipochukua nchi na majirani wakafunga mipaka alikuwa wapi, si alikuwa humu ndani, mtoto wa miaka kumi anayetetemeka kwa malaria, dawa hakuna, chumvi hakuna, yeye Mwanvua mke mpya anajinyima sahani ili kijana ale, na usiku petroli ya wakubwa inavuka ziwa kutoka ng'ambo kama kawaida, mapipa kwa mapipa, wakajenga maghorofa kwa embargo ile ile iliyosemwa itawapigisha magoti, aliyaona yote, akakua nayo, kisha akaenda kusimama kwenye ukumbi wenye mazulia akawaambia wazungu kazeni, bado hamjakaza, sauti yake ikatoka kwenye redio ya Tahiri humu sebuleni, kwa Kifaransa kizuri… na bora angekuwa mwongo, angechukika vizuri, lakini Ibrahim rafiki yake alitolewa kweli nyumbani kwake na watu wa serikali akaokotwa mtaroni, hilo Djibril hakulitunga, alikimbia kweli, alilia kweli, ndiyo maana chuki ya Mwanvua haipati pa kukaa, inasimama tu, miaka yote hii imesimama, na wale wakubwa wa huku je, wanaoteremka kwenye magari ya vioo vyeusi na kushika kipaza sauti, vikwazo vimetuua, vimetuua, nyinyi mmekufa lini, mashavu hayo, nani kati yenu alilala katikati ya bidoni…

"…kwa hiyo Riziki aende na mimi, shemeji. Atasoma. Nafasi ya shule iko. Hapa atafanya nini, kukamua mawese?" na jana Mwanvua alikuwa ameshakubali moyoni, alimnunulia mjukuu wake na sweta sokoni, sasa sweta hilo linamuunguza akilifikiri, na mdomo unafunguka wenyewe. "Djibril. Mulijua?"

"Kujua nini, shemeji?"

"Ya kwamba vituo vya afya vitakosa mafuta."

Anatazama chini, hatazami pembeni, chini. "Tulijua. Iliandikwa, tulisoma. Tulisema watu watachoka haraka, watasukuma wakubwa wao."

Watachoka. Shadia alichoka, ndiyo, alichoka walipofika Kabezi… na miaka yote Mwanvua alingoja mtu mmoja aseme tulijua, na sasa limesemwa juu ya beseni kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, basi jibu ni hapana, mtoto humpati, amekuja kumchukua mmoja ili asahau mmoja, rudi kwako mikono mitupu, ulie kwenye ndege, hapana, neno liko kwenye ulimi tayari, tamu… na nani ataumia, ngoja, nani, Djibril atarudi kwenye nyumba yake yenye joto, ataumia mwezi, ataumia miwili, na Riziki ndiye atakayebaki hapa na miguu yenye mafuta ya mawese, darasani wakirundikana kama dagaa, ili bibi yake ampige mtu mwingine, kumbe ndivyo inavyofanyika, ni rahisi hivi, unamlenga mkubwa na fimbo inapita kwa mtoto, na unajisikia una haki, Mungu wangu, unajisikia una haki kabisa… amlaani Djibril mara mbili basi, kwa kumwonjesha na hili.

Hapana. Riziki ataenda. Atavaa sweta, atasoma sheria zao zote, na yeye Mwanvua hatamsamehe huyu, wala hatalisema, atamwambia mtoto jambo moja tu, ukifika huko, mkiwa mezani, muulize babu mdogo mama yako alikufaje, muulize kila mwaka unapoongezeka akili, na umuulize kwa Kifaransa kizuri…

"Shemeji," anasema Djibril, mikono bado juu ya beseni, mikavu, "maji."