Anayecheza na Anayechezwa

Eliana na Karimu waligombana kwa sababu ya neno moja. Walikuwa wamemaliza kutengeneza mchezo wao wa kompyuta, kazi waliyoifanya kidogo kidogo ndani ya duka la Karimu la kutengeneza simu pale Rumonge, na sasa walitakiwa kuupeleka kwenye maonyesho Bujumbura. Eliana alitaka uitwe mchezo wa uhusika. Karimu alikataa katakata.

"Mchezo wa uhusika una mapanga na majini," alisema. "Shujaa anaanza dhaifu, anapanda ngazi mpaka anakuwa simba. Huu wetu iko na nini? Watu wanabishania shamba la michikichi!"

"Kwa hiyo panga ndilo linaloleta uhusika?"

"Siyo panga tu. Lakini watu watakuja na hamu ya kitu kingine, watuone waongo."

Eliana angesema ni mchezo wa kujifanya mtu mwingine, lakini hata anayeendesha gari la mashindano kwenye kioo cha kompyuta amejifanya dereva. Kulikuwa na kitu zaidi ya hapo. Alikihisi, ila hakukipatia maneno.

Wakiwa bado wanavutana, Agata, mama yake Eliana, akaingia na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani.

"Amahoro," aliwasalimu kwa Kirundi. "Mbona sauti zenu zinafika barabarani?"

"Karibu, mama," Karimu akamvutia kiti. "Kaa ucheze, utuamulie."

Agata alicheka. Vidole vyake vilizoea jembe, si kipanya. Eliana akamwambia asiogope, mchezo huu haukuhitaji wepesi wa mkono. Kioo kikamtaka achague: awe mkimbizi anayerudi kutoka Tanzania, au mtu aliyekaa kwenye shamba la mkimbizi huyo miaka yote. Eliana alikuwa na hakika mama yake angechagua mkimbizi. Si ndiye aliyevushwa mpaka akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akarudi akiwa na watoto wake?

Agata akamchagua yule mwingine. "Nataka huyu."

Kisha akaambiwa amgawie mtu wake alama za tabia: nguvu, ulimi, subira na hofu. Akaijaza hofu.

"Mama, hofu itakusumbua mbele," Karimu alimwonya.

"Mtu anayelala kwenye shamba la wengine, mwanangu, atakosa hofu?"

Mchezo ukaanza. Mkimbizi akafika, akabisha hodi. Chini ya kioo yakatokea maneno: kunyamaza, kumfukuza, kumfungulia. Agata akabonyeza kumfungulia. Kimya. Akabonyeza tena. Neno lile lilikuwa limefifia, halikubali.

"Hii imeharibika."

"Haijaharibika," Eliana alisema taratibu. "Hofu yake ni kubwa. Wewe unataka kufungua, mama. Yeye hawezi bado."

Agata akaondoa mkono kwenye kipanya. Alikaa akiutazama mlango ule uliochorwa, na Eliana akatambua, kwa kuchelewa, alichokuwa akikitazama. Waliporudi kutoka kambini, shamba la babu kule Kizuka walilikuta kwa mzee Nestori. Agata alibisha hodi, akasikia watu wakitembea ndani, na hakuna aliyefungua. Baadaye wakubwa wa kilima, yaani wa kijiji kile, waligawa shamba nusu kwa nusu. Lakini salamu kati ya nyumba hizo mbili hazikurudi.

"Sasa nifanyeje ili aweze?" Agata akauliza.

"Mpeleke kisimani. Mpeleke sokoni. Azoee kuwasikia waliorudi."

Alimpeleka. Alikosea njia, akarudi, akamfanya asalimiane na huyu na yule, na kila salamu ikapunguza hofu kidogo. Ndagala zilisahauliwa sakafuni. Hodi ilipopigwa tena, neno likawaka, naye akalibonyeza polepole. Mlango ukafunguka. Agata akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kusema lazima akapike.

Alipotoka, Karimu alibaki ameegemea meza.

"Nimeona," alisema. "Kwenye mpira wa kompyuta, nikikosa goli, ni kidole changu kimekosa. Huyu mtu wa mama alikwama kwa tabia yake mwenyewe. Kuna anayecheza na kuna anayechezwa, na mama alilazimika kumkuza ndipo wafike pamoja."

"Na panga?"

"Panga linaweza kuwepo. Siyo lazima." Akatabasamu. "Lakini zile alama nilizipanga mimi, usisahau."

Ilikuwa kweli, Eliana alizipinga tangu mwanzo, akiona zinachafua hadithi. Akamkubalia. Bujumbura mchezo ulikwenda kwa jina la uhusika. Wengine waliukubali, wengine walibisha, na Karimu ndiye aliyebishana nao mpaka sauti ikamkauka.

Jumapili iliyofuata Agata alimwomba binti yake wapande Kizuka, kwa mzee Nestori. Nestori hakuwepo. Mkewe aliwatolea viti uani, akasimama kidogo, kisha naye akaketi. Walizungumzia mvua iliyochelewa. Shamba halikutajwa. Walipoaga, mke wa Nestori aliwasindikiza mpaka njia kuu, na Agata akamshukuru kwa Kirundi, akimwita dada.