Kizibo cha Ndiva

Usiku wa jana niliota, mimi Mwalimu Senkondo, mwana wa Mbazi, mjukuu wa Kiondo. Na nawataja wazee hao mapema ili msomaji ajue kwamba anayesema naye si mtu wa kuokotwa njiani. Kiondo ndiye aliyekabidhiwa ndiva ya kijiji chetu hapa Upare milimani, yaani bwawa linalozibwa jioni likusanye maji ya mfereji, kisha likafunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu. Mbazi aliirithi. Katika maisha yao hapakutokea jirani aliyelalamika kwamba zamu yake imeliwa. Mimi nilikwenda shule nikawa mwalimu mkuu, lakini heshima ile ilibaki nyumbani mwetu, na kwa desturi yetu ataichukua mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanangu, pamoja na jina langu.

Wajukuu kwa mabinti zangu ninao, nami najivunia kila mmoja wao. Hao wamebeba majina ya babu zao wa upande wa pili, kama ipasavyo. Jina langu lilikuwa likimngoja mtoto wa Elirehema, mwanangu pekee wa kiume, ambaye yeye na mkewe Nietiwe wanatafuta mtoto kwa msaada wa hospitali huko Dar es Salaam. Daktari wao wa kwanza aliwaeleza kwamba sindano za homoni huyaamsha mayai yaliyopo tu. Hazitengenezi mapya, wala haziyafanyi yaliyo dhaifu kuwa imara. Kwa hali ya Nietiwe, akasema, angempa dozi ndogo. Nilimwambia mwanangu kwenye simu kwamba dozi ndogo ni ya watu wasio na haraka. Akatafuta daktari mwingine, aliyekubali kuongeza dozi. Mayai yakatolewa, yakatungishwa maabara, nasi tukawa tunasubiri habari. Nietiwe alikuwa amekwisha sema kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, kwa kuwa mwili wake umechoka.

Katika ndoto nimevaa koti langu la shule na nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali. Penye dirisha la mapokezi imeketi chupa ndogo ya dawa, imevaa miwani.

"Shikamoo, Mwalimu," ikasema.

"Marahaba. Nimekuja kumwona mkwe wangu."

"Hapa hatuoni watu, Mwalimu. Hapa tunafungua maji. Wewe ndiye mwenye ndiva?"

"Ni mwana wa mwenye ndiva."

"Basi pita. Shamba linakusubiri."

Nageuka, na ukumbi haupo. Niko kwenye ukingo wa ndiva yetu, ambayo imejaa pomoni. Nietiwe ameketi hapo juu ya jiwe akiwa na gauni la wagonjwa, na mfereji unaoijaza ndiva unatoka katika mkono wa gauni lake. Sikuona ajabu yoyote. Nilichokasirikia ni kwamba hakuna aliyesafisha magugu.

Chini ya ndiva, mayai yamepandwa kwenye matuta kama maharage. Mengi yamelala. Moja tu liko wima, nono, limejifuta udongo.

"Zamu ya mwezi huu ni yangu," likaniambia kwa adabu. "Nikinywa mimi, hawa wengine hulala moja kwa moja. Ndivyo tulivyozoea."

"Na sisi, Mwalimu! Na sisi!" yakapiga kelele yaliyolala, bila kufumbua macho.

Chupa ilikuwa imenifuata, ikifuta miwani yake kwa pindo la koti langu. "Ukifungua kidogo yatakunywa machache," ikasema. "Ukifungua yote yatakunywa yote. Kunywa naweza kuahidi. Kukua, usiniulize."

"Baba," akasema Nietiwe, "maji ni mengi. Tumbo limenijaa hata viatu vimekataa kuingia."

"Vumilia, mwanangu. Ni kwa ajili ya jina."

"Jina la nani, Baba?"

Sikumjibu, kwa sababu mwalimu mkuu hajibu swali ambalo jibu lake liko ubaoni. Nikainama kukitafuta kizibo. Kwa baba yangu kizibo kilikuwa gogo lililofungwa majani ya mgomba, la kuvutwa na wanaume wazima. Hiki ni kizibo cha mpira cha kichupa cha sindano, kidogo kuliko kidole gumba. Nikakivuta kwa vidole viwili, nikakifumbata.

Maji yanashuka yote kwa pamoja. Mayai yanavimba, yanang'oka, yanaviringika yakigongana. Mengine yanacheka. Nayakimbilia, na ninapofika chini, shamba ni uwanja wa shule yangu, na mayai yamepanga mstari yakidondosha maji.

Mbele yao imesimama hadubini, ina jicho moja, na imefika kukagua shule.

"Umekomaa?" ikaliuliza la kwanza.

"Nimenenepa, bwana."

"Sikukuuliza hilo. Kaa pembeni. Na wewe, nani amekuleta?"

"Maji, bwana."

"Ulikuwa tayari?"

"Nilikuwa usingizini. Nimejikuta nimesimama mstarini."

"Pembeni."

Mstari wa pembeni ukarefuka, ule wa mbele ukaisha. Nikaiambia hadubini kwamba shule yangu haijawahi kufelisha namna hii. Ikajibu kwamba wingi wa wanafunzi imeuona, na ikaendelea na kazi.

Mwisho likaja lile lenye zamu, limechubuka, linahema. Hadubini ilikaa nalo kwa muda mrefu, kisha ikasema, "Hili tutalijaribu." Likaunganishwa na mbegu ya mwanangu, likawa kiinitete. Likagawanyika mara mbili. Likagawanyika mara nne. Nikavua kofia.

"Jina?" ikauliza hadubini.

"Senkondo," nikajibu mimi.

Nilisimama wima kama siku ya kupandisha bendera. "Endelea, mjukuu wangu," nikasema. "Gawanyika."

"Siwezi, Babu. Pumzi yangu iliishia kwenye mafuriko."

Nikapuliza filimbi. Kwa filimbi ile nimesimamisha shule nzima na kuikimbiza. Kiinitete hakikutikisika. Hadubini ikaniambia, bila ukali wowote, "Mwalimu, hapa filimbi haihusiki," ikafumba jicho lake.

Ndipo kiinitete kikakohoa, na kikohozi kile nakijua. Ni cha marehemu baba yangu, Mbazi. Kwa sauti yake hasa kikaniuliza:

"Senkondo, zamu ilikuwa ya nani?"

Nikaamka. Jua lilikuwa limegusa dirisha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumbwa hata vidole vimekufa ganzi, nami nikavikunjua kimoja kimoja. Kiganjani palikuwa na kizibo cha mpira wa kijivu, cha kichupa cha sindano, kibaridi kama kitu kilichotolewa kwenye jokofu. Nyumba hii haina jokofu. Sindano ya mwisho kuingia humu alichomwa marehemu mke wangu.

Simu ikalia. Ni Elirehema.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, wamepiga kutoka maabara. Lile moja lililobaki..."

"Limeacha kukua," nikasema.

"Nani amekwambia, Baba?"

Nyuma yake nilimsikia Nietiwe, sauti imekauka kwa kulia, akiuliza kama Baba amekasirika.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaooa na kuolewa, nami sisemi mara mbili. Mkikaa mbele ya daktari, mkao wenu ni wa watu wawili. Mama akisema maji ni mengi, ni mengi. Na akitokea mzee mwenye jina kubwa na wazazi wa kutajwa, akawaambia mwongeze, hata akiwa mimi Senkondo, mwana wa Mbazi, mjukuu wa Kiondo, mwamkieni kwa heshima zote, kisha mfungieni nje.