Utosi wa Kiganjani

Alhamisi ya kliniki, kwenye zahanati ya huko Chonyonyo, nesi Sperancia alimning'iniza Celestin kwenye mizani, akasoma kilo sita na nusu, akatia nukta kwenye kijani cha kadi. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Paji lilikuwa limechongoka, macho yametokeza, na utosi umekwisha kufunga, mgumu kama goti. Mama yake, Nikuze, akauliza kama hiyo ni kawaida.

"Uzito mzuri, Mama Celestin. Anayefuata!"

Futikamba ya kupimia vichwa ilikuwa kwenye droo, ndani ya nailoni yake.

Jioni ile utosi wa mtoto ulihamia kwenye kiganja cha kulia cha Nikuze. Ulikuwa laini, unapanda na kushuka. Akajifunza kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto, asije akautoboa.

Mwezi uliofuata alimpa nesi mkono. "Shikamoo." Sperancia akausikia utosi ukidunda, akasema pole, akapima uzito. Mganga mfawidhi naye akaushika, akashauri wangoje, kichwa kitajipanga chenyewe. Kuushika waliushika wote. Kupima kichwa, wapi! Ujinga ungekuwa na nafuu. Hawa walikuwa wavivu.

Celestin alipotimiza miaka miwili alianza kupapasa kikombe kilicho mbele yake. Nikuze akambeba mpaka Mwanza bila barua ya rufaa ya mtu yeyote.

"Fuvu nitalifungua," alisema daktari wa upasuaji, Stephania. "Macho siwezi kuyarudisha. Mbona umechelewa hivi, mama?"

Nikuze akampa mkono kwa hasira. Daktari akaushikilia kwa muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu ana miezi mitatu. Kule kila mtu ameushika."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Celestin ana kovu kutoka sikio hadi sikio, anacheka sana, na humtambua mama yake kwa kupapasa kile kiganja, ambacho hakijafunga hadi leo.

Zahanati imebandika tangazo: wazazi wasiwape wahudumu mikono. Alhamisi iliyopita Nikuze alimkuta Kemirembe, jirani yake, akimtoa binti yake mchanga kwenye mizani kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukunja kifuani.

"Uzito mzuri," alisema Sperancia, na goti lake likaisukuma droo ikafunga.