Zamu ya Jozi ya Mwisho

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa muziki ukiwa katikati, na baridi ya Februari ikaingia pamoja na mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu. Dod, fundi wa kurekodi, akavua vipokea sauti vya masikioni kwa hasira.

"We dada! Hukuona karatasi mlangoni? Tunarekodi!"

"Samahani. Namtafuta mpiga kodiani, Netta Geddes." Theluji ilikuwa ikiyeyuka mabegani mwake. "Mimi mpwa wake Wattie Petrie. Mjomba amefariki leo alfajiri."

Netta akaiteremsha kodiani magotini. Tangu asubuhi alikuwa akimngoja Wattie. Ngoma waliyokuwa wakiirekodi aliitunga Wattie, na Netta alikuwa na neno la kumwomba.

Ngoma hiyo huchezwa na jozi nne za wachezaji, na muziki hurudiwa mara nane ili kila jozi iongoze mara mbili. Siku hizi bendi nyingi hupiga raundi mbili tu, mashine ikanakili zilizobaki. Wattie alilichukia sana jambo hilo. Yeye na mkewe, aliyekuwa na nyonga mbovu, walisimama daima mwisho wa mstari. "Netta binti yangu," alimwambia, "sisi wa mwisho tunasimama mpaka miguu inakufa ganzi, halafu zamu yetu ikifika mnatupa kiporo? Niahidi utazipiga zote kwa mkono." Netta akaahidi, huku akicheka.

Hiyo ilikuwa kabla vidole vyake viwili havijaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Mwezi uliopita daktari alivipasua, akamwonya: ukipiga kabla havijapona, vitajikunja tena, na safari hiyo havitanyooka. Raundi mbili alijipa moyo kwamba angezimudu. Leo alitaka kumtazama Wattie usoni, amwombe amwachilie ahadi yake. Alijua angemwachilia, baada ya kumtania kidogo.

"Ijumaa tunamzika," mpwa akasema. "Tungependa watu waicheze ngoma yake baada ya chai ya mazishi. Kama rekodi itakuwa tayari."

"Itakuwa tayari," Dod akajibu, sasa kwa upole. "Raundi moja tunayo, safi kabisa. Netta, nipe moja nyingine tu, zilizobaki nanakili kabla birika halijachemka. Nani atajua?"

Netta akautazama mkono wake uliofungwa bendeji. Mpwa hakuwa na habari ya ahadi, na mke wa Wattie alishatangulia. Hakubaki mtu wa kukasirika. Wala wa kumwachilia.

"Futa," akasema.

"Nini?"

"Futa, Dod. Tunaanza upya. Zote nane."

"Acha wazimu, bibie! Hivyo vidole—"

"Vidole ni vyangu."

Akapiga ile sauti ndefu ya kwanza, ya wachezaji kuinamiana. Katika raundi ya tatu bendeji ililowa damu. Katika ya tano kidole cha mwisho kiligoma, akakigawia kazi yake kile cha jirani. Mpiga fidla aliyeketi kando yake akafumba macho asione. Ilipofika zamu ya jozi ya mwisho, machozi yalikuwa yakimtiririka Netta, lakini mwendo haukuyumba. Ulikuwa mwendo wa taratibu, wa kumngoja mtu mwenye nyonga mbovu.

Mwishoni akaishikilia ile sauti ya kuagana mpaka Dod akashusha mkono. Mpwa akaanza kupiga makofi, kisha akaacha. Netta alikuwa akivibandua vidole vyake kwenye kodiani kwa mkono wa pili, kimoja kimoja.