Pole na Kazi

Nyawira alikuwa mtesaji mkuu wa kidato cha tatu, cheo alichotunukiwa kwa kuwa ndiye pekee bwenini aliyeweza kukunja uso kwa muda mrefu bila kucheka. Alivaa koti la bawabu wa shule na masharubu ya uzi. Mbele yake, amefungwa kitini, alikuwa Quincy, aliyeigiza Guka Thuo enzi za ujana wake. Guka mwenyewe, babu yake Nyawira, aliketi safu ya kwanza ya ukumbi wa mjini walimofanyia mazoezi, kofia magotini, macho mazito. Kutoka hapo hadi jumba ambako makachero wa serikali walimhoji zamani kwa ajili ya siasa ni kona mbili tu.

Mchezo ulibeba jina la Guka na kisa chake, na siku iliyofuata ungeingia mashindanoni. Guka alikuwa ametoa sharti: akiona uongo, jina litoke, na kisa kitoke nalo. Hapo pasingebaki mchezo.

Madam Everlyn, mwalimu wa uigizaji, alijua vyema watu wanavyohojiwa, maana alikuwa ameona kwenye sinema. Tangu Pilato aanze kuuliza maswali, wachoraji wamempa anayehojiwa mwanga wote, na anayehoji kivuli. Naye Madam alileta taa moja, moshi, na meza ya kupigwa ngumi.

"Sema!" Nyawira alinguruma, akaipiga meza. Sharubu moja likadondoka.

"Sisemi! Haki itashinda!" Quincy alipaza sauti hadi njiwa wakaruka darini.

Guka aliinua mkono. "Huyo ni nani?"

"Si ni wewe, Guka," Nyawira alijibu.

"Mimi? Nilikuwa sijalala. Hiyo nguvu ya kelele ningeitoa wapi?"

"Lakini mzee," Madam Everlyn akasema, "watu wanataka shujaa."

"Basi mtafuteni."

Nyawira aliona mchezo unakwenda na maji. Akashuka jukwaani, akachuchumaa miguuni pa mzee. "Sasa Guka, yule aliyekuhoji alipoingia ulimwambia nini?"

Mzee alisugua macho. "Alikuwa na mafua. Shati limekunjamana, naye pia hajalala. Nikasahau niko wapi. Nikamwambia, 'Pole na kazi.'"

"Wacha!" Quincy alisema kutoka kitini. "Ulimpa pole?"

"Ukimkuta mtu kazini unafanya nini? Ndivyo nilivyolelewa. Yeye akadhani namdharau. 'Nani amekuambia kazi yangu?' Akaniuliza hilo mpaka siasa yenyewe akaisahau."

Siku nyingine Nyawira angeanguka kwa kicheko. Lakini mzee hakuwa akitabasamu.

Wakaanza upya, bila moshi. Sasa Nyawira alitakiwa kulipuka kwa hasira akipewa pole. Lakini alikuwa amepiga meza tangu asubuhi, kiganja kimevimba, koo limekauka.

Quincy aliinamisha kichwa. "Pole na kazi," akanong'ona.

"Asante," Nyawira akajibu. Neno lilimtoka lenyewe.

Madam Everlyn alishika kichwa. "Wee Nyawira! Mtesaji anasema asante?"

"Hakusema," Guka alisema. "Nilingoja, lakini hakusema."

Nyawira aliinamisha uso. "Pole, Guka. Huo ni uongo."

"Najua." Mzee alijiegemeza kitini, akafumba macho. "Huo uacheni ubaki. Na jina langu pia libaki. Hebu rudieni pale kwenye asante."